Neno "mass" la Waingereza

Museminari anayeanza Kiingereza hukuta upesi neno fupi "mass". Katika kitabu cha sala ni Misa Takatifu. Katika kitabu cha fizika ni kiasi cha materia iliyo ndani ya kitu. Katika gazeti ni watu wengi pamoja. Basi anauliza: Misa iliingiaje katika fizika? Haikuingia. Ni maneno mawili ya asili mbali mbali, ambayo midomo ya Waingereza imeyafananisha. Kifaransa kimeyatenga hata leo: "messe" na "masse".

La kwanza ni Kilatini "missa", kutoka "mittere", maana yake kutuma ao kuruhusu watu waende. Ndiyo tunayosikia katika "Ite, missa est". (Zamani wengine walitafuta muzizi wake katika Kiebrania, kazi bure.) Kwanza lilitaja kuaga tu, kisha likawa jina la ibada nzima. Waingereza wanalo hata katika jina la Noeli: "Christmas", ni kusema Misa ya Kristu.

La pili linatoka jikoni. Wagiriki waliita "maza" mukate wa shayiri. Walatini wakasema "massa", donge la unga uliokandwa. Wasomaji wa Vulgata wanalijua: ndilo donge ambalo chachu kidogo inalichachusha, 1 Kor 5,6. Mutakatifu Augustini aliita hivyo wanadamu wote walioanguka katika Adamu. Newton naye, akiandika kwa Kilatini mwaka wa 1687, alilitumia kwa kiasi cha materia. Kiasi hicho si uzito: jiwe likipelekwa mwezini uzito wake unapungua, "mass" yake inabaki ile ile.

Toka donge hilo hilo Waingereza walipata maana ya watu wengi. Kwa hiyo muhubiri anayesema kwamba Misa imeitwa hivyo sababu watu wengi wanakusanyika, anajenga juu ya sauti tupu.

Tena kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Habari za Kasai za mwaka wa 2017 zilitaja mara nyingi "mass grave". Ni kaburi moja walimotupwa watu wengi pamoja. Mwenye kutafsiri "kaburi la Misa" anawapa wale waliouawa mazishi matakatifu ambayo hawakuyapata.

Katika maandiko herufi kubwa inasaidia, kwani Misa huandikwa mara nyingi "Mass". Lakini mwanzoni mwa sentensi haisaidii, wala katika radio. Hapo sikilizeni maneno ya jirani.