Lubumbashi: Garanti ya nyumba kwa karte ya banki, inawezekana ao hapana?

Katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga anapashwa kutayarisha feza nyingi kwa siku moja: garanti, loye ya mwezi wa kwanza, na sehemu ya komisionere aliyemuonyesha nyumba. Mara nyingi mwenye lupango anataka zote mkononi, kwa dola, tena noti safi zisizopasuka. Lakini wafanyakazi wengi wa mji siku hizi wanapokea mshahara kwa banki na wanatembea na karte mfukoni. Wengine wako na ndugu Ulaya, Afrika Kusini ao Marekani ambao karte yao inaweza kulipa kutoka mbali. Ndiyo maana ulizo hili linasikika sana: je, garanti inaweza kulipwa kwa karte? Na ikiwa ni karte ya mkopo, ni nani anayebeba mzigo?

Kenya tunayosema hapa si inchi ya Kenya ya Nairobi. Ni moja ya komini saba za Lubumbashi, pamoja na Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi, Annexe na komini ya Lubumbashi yenyewe. Ni komini ya zamani, yenye watu wengi, soko kubwa na uwanja wa mpira Kibassa Maliba. Lupango moja inaweza kuwa na nyumba ya mbele ya mwenyewe na anekisi kadhaa nyuma, kila moja na familia yake, mara nyingi na choo kimoja na kompteri moja ya umeme. Katika hali hiyo, garanti ni feza ya kumwamini mtu ambaye utaishi naye mlango kwa mlango.

Sheria inasema miezi mitatu

Wapangaji wengi hawajui kwamba jambo hili liko na sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba ambazo si za biashara, inaweka mpaka: kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita loye ya miezi mitatu. Sheria hiyo inatumika katika inchi yote, Kinshasa kama Lubumbashi.

Lakini katika avenue za mji, wenye lupango wengi wanaomba miezi sita, na wengine wanapita hapo. Sababu wanazotoa si za uongo zote. Kuna mpangaji anayeacha kulipa mwezi wa nne na kumtoa inachukua wakati mrefu. Kuna anayehama usiku na kuacha deni la SNEL na REGIDESO. Tena kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana: garanti ni feza ambayo mwenye lupango anaitumia papo hapo. Analipia watoto shule, anamaliza paa ya anekisi nyingine, ao anarudishia mpangaji wa zamani garanti yake. Ndiyo maana siku ya kuhama jibu linakuwa lilelile: ungojee mpangaji mpya aingie.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme loye ni dola 60 kwa mwezi. Kwa kufuata sheria, garanti ni dola 180. Kwa miezi sita, ni dola 360. Ongeza dola 60 za komisionere, ambaye kwa desturi anachukua loye ya mwezi mmoja, na dola 60 za mwezi wa kwanza. Mpangaji anafika dola 480 mbele ya kuweka hata kitanda ndani ya nyumba. Kwa mwalimu ao mlinzi wa usiku, hiyo ni mishahara ya miezi mingi.

Karte ziko aina tatu

Watu wanasema "karte ya banki" kama vile ni kitu kimoja. Ziko aina tatu, na tofauti yao ndiyo inaonyesha kama utalipa garanti kwa feza yako ao kwa deni.

Ya kwanza inashika feza iliyo ndani ya konti yako. Ukiwa na dola 200, hauwezi kulipa 360. Ya pili ni ile unayojaza feza kwanza, kiisha unaitumia mpaka iishe. Ya tatu ndiyo karte ya mkopo: banki inalipa kwa feza yake, kiisha inakutumia hesabu mwisho wa mwezi. Ukilipa yote kwa tarehe iliyowekwa, kwa kawaida hakuna faida juu yake. Ukilipa sehemu tu, faida inaanza kuhesabiwa juu ya deni.

Karte nyingi zinazotolewa na banki za Lubumbashi ni za aina mbili za kwanza, hata kama zinaandikwa Visa ao Mastercard. Alama hiyo inaonyesha tu njia ambayo malipo yanapita. Karte ya mkopo inapewa mtu ambaye mshahara wake unaingia banki kila mwezi, ao mwenye biashara ambaye banki inamfahamu. Kwa hiyo mtu wa Kenya aliye na karte, mara nyingi iko na karte ya feza yake mwenyewe.

Matata ya pili ni mashini ya kulipia. Supermarche, hoteli na stesheni kadhaa za mafuta za katikati ya mji ziko nayo. Mwenye lupango wa Kenya hana. Basi mwenye karte anaenda kwenye mashini ya kutoa feza, anachukua noti, na anarudi nazo kwa miguu ao kwa taksi. Karte imefanya kazi ya mfuko tu, na hatari ya kunyang'anywa njiani iko palepale.

Hapa ndipo mwenye karte ya mkopo anapashwa kufungua macho. Banki nyingi za dunia hazihesabu kutoa noti kwa karte ya mkopo sawa na kununua kitu dukani. Zinakata sehemu ya kutoa feza, na faida inaanza siku ileile, pasipo zile wiki za kungojea. Ukitoa dola 360 na banki ikakata asilimia 4, umepoteza dola 14 na senti 40 mbele ya faida. Ndugu aliye Brussels ao Chicago anayetuma feza kwa kutumia karte ya mkopo anaweza kukuta jambo hilohilo: kuna banki zinazohesabu kutuma feza kama kutoa noti. Ni heri aulize banki yake kwanza, ao atumie karte ya konti yake ya kawaida.

Mkopo wa mtaa unauma zaidi

Lakini asiye na karte ya mkopo hakosi mkopo. Anaenda kwa Banki Lambert, jina ambalo Wakongo wanawapa watu wanaokopesha kwa faida kubwa pasipo ofisi wala ruhusa. Tuseme mkopeshaji anaomba asilimia 30 kwa mwezi juu ya dola 360. Kila mwezi ni dola 108 za faida. Ukilipa faida peke yake miezi minne, umetoa dola 432, na deni la dola 360 lingali limesimama. Garanti yenyewe inalala kwa mwenye lupango pasipo kuzaa kitu, na mkopo unazaa kila mwezi. Kuna watu waliopoteza televisheni, friji, hata karte ya mshahara, kwa sababu mkopeshaji anaishika pamoja na namba yake ya siri. Karte na namba ya siri hazipewi mtu, hata awe jirani wa miaka kumi.

Njia ya wengi inabaki likelemba. Watu kumi na wawili wakitoa dola 30 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapokea dola 360, garanti nzima ya mfano wetu, na hakuna faida. Ugumu wake ni zamu: nyumba inapatikana leo, na zamu yako iko mwezi wa tisa. Wafanyakazi ambao mshahara wao unapita banki wanaweza vilevile kuomba banki avansi juu ya mshahara. Waulize mambo mawili: faida kwa mwaka mzima ni ngapi, na banki inakata ngapi kila mwezi.

Simu imeshinda karte

Kwa kweli, aliyechukua nafasi ya karte katika komini ni simu. M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, miaka mitano nyuma ya kuanza katika inchi ya Kenya. Airtel Money na Orange Money nazo zinatumika, na mwenye lupango ambaye hajawahi kuingia banki iko na konti ndani ya simu. Wazee wengine wako na sababu yao ya kuogopa banki. Wanakumbuka Desemba 1979, wakati noti za zaire 5 na 10 zilifutwa na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wanakumbuka vilevile mwaka 1993, wakati zaire milioni tatu ziligeuka kuwa zaire mpya moja.

Kulipa kwa simu ao kwa banki kuna faida moja ambayo noti haina: kunaacha alama. Siku ya matata, ujumbe wa simu unaonyesha jina, tarehe na kiasi. Lakini ujumbe huo hauonyeshi feza ilikuwa ya nini. Mwenye lupango anaweza kusema ilikuwa loye ya zamani. Kwa hiyo alama ya simu inapashwa kutembea pamoja na karatasi.

Mbele ya kutoa feza

Jambo la kwanza ni kujua nani mwenye lupango. Tangu sheria ya udongo ya mwaka 1973, hati inayohakikisha haki juu ya lupango ni cheti cha kuandikishwa. Katika komini za zamani kama Kenya, familia nyingi zingali na livre ya lojere ya wakati wa wazazi, na lupango ni ya watoto wa marehemu. Mtoto mmoja anapokea garanti, kiisha kaka yake anakuja kusema hakusikia kitu. Uliza jirani, uliza shefu wa kartie, na ikiwa ni uriti, wote wanaohusika watie saini.

Pili, feza ya garanti iende kwa mwenye lupango mwenyewe, si kwa simu ya komisionere. Tatu, muandikiane kontra inayotaja loye, garanti, namba ya miezi, hali ya nyumba, na hesabu ya umeme na maji siku ya kuingia. Piga picha ya kuta, milango na kompteri. Ukikosana na mwenye lupango juu ya garanti, usianze na polisi: mlango wa kwanza ni ofisi ya Habitat ya komini, ambayo inajaribu kupatanisha, na tribinali inafuata ikishindikana.

Inchi nyingine zimeenda mbali zaidi kuliko kuweka mpaka wa miezi. Ubelgiji, ambako Kongo ilitoa sheria zake nyingi, garanti inaweza kuwekwa banki katika konti iliyofungwa, kwa jina la mpangaji, na faida ni yake. Haifunguliwi isipokuwa wote wawili wamekubali kwa maandishi ao mwamuzi ameamua. Uingereza, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anapashwa kuweka garanti katika shirika lililoruhusiwa na serikali, na asipofanya hivyo anaweza kulipishwa faini.

Konti ya namna hiyo ingesaidia watu wa Lubumbashi zaidi kuliko karte ya mkopo. Karte inaweza kumsaidia mpangaji kupata dola 360 leo. Haiwezi kuhakikisha kwamba siku ya kuhama dola hizo zitakuwa bado ziko.