Kuhamia Mtandao Salama Usio na Waya Chuoni

Katika vyuo vikuu vingi, mtandao usio na waya ulianza kwa neno la siri moja lililotumiwa na watu wote. Lakini neno lijulikanalo na wote si siri tena: alijuaye aweza kunasa mawasiliano ya jirani yake. Ndiyo sababu vyuo vimehamia mitandao ambamo kila mtu hujitambulisha kwa jina na neno lake mwenyewe. Mfano mashuhuri ni eduroam, iliyoanza Ulaya mwaka 2003. Mgeni afikapo chuo kingine, ombi lake hupelekwa kwenye seva ya chuo chake, nayo ndiyo imthibitishayo. Chuo mwenyeji hakipewi neno lake.

Hata hivyo, liko sharti lisahauliwalo. Mwizi aweza kusimamisha kituo chake na kukipa jina lile lile la mtandao. Kwa hiyo simu au kompyuta haina budi kukagua kwanza cheti cha seva ya chuo. Anayekubali cheti asichokijua aweza kupoteza neno la siri, ambalo mara nyingi hufungua pia barua pepe yake. Tupokee, basi, maelekezo ya kuunganisha kutoka ofisi ya kompyuta ya chuo peke yake.