Saa ya Mpiga Mbizi: ya Milioni au ya Elfu Kumi?

Kupanga ni kuchagua. Msomaji mpenzi, katika makala haya nataka tuchague pamoja kitu ambacho wengi wetu tunakiona mikononi mwa watu lakini hatujui undani wake. Kitu hicho ni saa ya mpiga mbizi, yaani saa ya kuvaa mkononi iliyoundwa kwa mtu azamaye baharini akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Zipo saa za namna hii zinazouzwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja, na zipo zinazouzwa kwa elfu kumi hivi. Je, tofauti ni nini? Na mtu mwenye pesa za jasho lake anunue ipi?

Kwanza kabisa, tuulize: mpiga mbizi ana haja gani na saa? Chini kule hakuna kengele ya shule wala mwalimu wa zamu! Haja yake ni uhai. Hewa tunayoivuta ina gesi ya nitrojeni kiasi cha asilimia 78. Ukiwa nchi kavu gesi hiyo haikudhuru. Lakini ukishuka baharini, kila mita 10 maji huongeza shinikizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hivyo ukifika mita 40, mwili wako unabanwa mara tano ya kawaida. Nitrojeni unayoivuta katika hali hiyo huyeyuka na kuingia katika damu na nyama za mwili. Ukikaa sana, huingia nyingi. Sasa ukipanda juu kwa haraka, hutoka ikiwa mapovu, kama vile soda inavyofoka chupa ikifunguliwa ghafla. Mapovu hayo yakiwa ndani ya mishipa au uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza au kufa.

Ndiyo maana wapiga mbizi wana majedwali yanayoeleza mtu anaweza kukaa dakika ngapi katika kina fulani na kupanda bila kupumzika njiani. Kwa mfano, jedwali la shirika la PADI linalotumiwa na wapiga mbizi wa burudani huruhusu dakika 56 katika mita 18, dakika 20 katika mita 30, na dakika 9 tu katika mita 40. Mwaka 2014, Ahmed Gabr wa Misri alitangazwa kuwa amezama mita 332 katika Bahari ya Shamu. Kushuka kulimchukua robo saa hivi. Kupanda, je? Karibu saa 14! Basi utaona kwamba huko chini saa si pambo.

Hebu sasa tutazame asili ya saa hizi. Mnamo mwaka 1943, Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, waliunda chombo cha kumpa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mtungi. Watu wakaanza kuzama na kukaa chini muda mrefu, na haja ya saa isiyoingia maji ikazidi. Mwaka 1953 kampuni mbili za Uswisi zilitengeneza saa za kazi hiyo. Blancpain ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, na Rolex ikaunda Submariner. Mjapani naye hakulala. Mwaka 1965 kampuni ya Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mpiga mbizi kutoka Japani, yenye uwezo wa mita 150.

Alama kubwa ya saa hizi ni ile pete ya nje inayozunguka, yenye namba za dakika. Matumizi yake ni rahisi. Kabla ya kuzama, unazungusha pete mpaka alama ya sifuri ilingane na mshale wa dakika. Baadaye ukitaka kujua umekaa muda gani, unatazama tu mshale umefika kwenye namba gani ya pete. Ukiwa kwenye 20, basi ni dakika 20. Isitoshe, katika saa nzuri pete hiyo huzunguka upande mmoja pekee. Kwa nini? Kwa sababu ikigongwa na mwamba kwa bahati mbaya, itaonyesha kwamba umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, nawe utapanda mapema. Kosa lake ni la kukuokoa, si la kukuua.

Tena hapa pana jambo la kutufurahisha sisi wapenzi wa Kiswahili. Mtalii wa Kizungu akitazama mshale kwenye 7 husema ni saa saba, na Mswahili husema ni saa moja. Wanatofautiana kwa saa sita nzima! Lakini wakizama pamoja, pete haina lugha. Dakika 20 ni dakika 20 kwa wote wawili.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 2025, Rolex Submariner ya chuma tupu isiyo na tarehe iliuzwa dukani Marekani kwa zaidi ya dola 9,000. Ukizidisha kwa shilingi 129 kwa kila dola, utapata zaidi ya shilingi 1,160,000. Ili uone ukubwa wa pesa hizo, kumbuka kwamba mwaka 2023 serikali yetu iliweka karo ya shule za kitaifa za bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Saa hiyo moja ingewasomesha wanafunzi watano kutoka Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na chenji ikabaki. Si mchezo, bwana!

Lakini tusiwe watu wa kulaumu bila kujua. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Chuma cha saa ile ni cha aina inayostahimili chumvi kuliko chuma cha saa nyingi nyingine. Pete yake imefunikwa kwa kauri ngumu isiyochujuka kwa jua. Kioo chake ni johari ya yakuti samawati iliyotengenezwa kiwandani, na ni almasi na vitu vichache tu vinavyoweza kuikwaruza. Haitumii betri. Ndani mna springi na magurudumu madogo madogo ambayo hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wako, na ukiivua itaendelea kutembea kwa saa 70 hivi. Kampuni yasema haikosei zaidi ya sekunde mbili kwa siku. Fauka ya hayo, ukiitunza unaweza kumrithisha mwanao, au kuiuza baadaye kwa bei nzuri.

Tugeukie upande wa pili. Casio inayojulikana kwa jina la Duro hupatikana kwa dola 60 hadi 80 hivi, ambazo ni kama shilingi elfu nane hadi elfu kumi. Imeandikwa mita 200, na pete yake huzunguka upande mmoja. Hutumia betri na kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde moja. Na hapa ndipo pana ajabu. Saa ya kwatzi ya kawaida hukosea sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi mzima. Ile ya milioni ikikosea sekunde mbili kila siku, kwa mwezi inaweza kufika 60. Kumbe! Saa ya elfu kumi inaweza kushika majira vizuri kuliko ya milioni.

Katikati ya hizo mbili zipo saa nyingine. Citizen Promaster hujaza betri yake kwa mwanga wa jua au hata wa taa, na bei yake aghalabu haifiki dola 400. Seiko nayo ilitoa mwaka 1996 saa ya SKX007, ambayo wapiga mbizi wengi waliipenda mpaka ilipoacha kutengenezwa. Zote mbili zina neno moja muhimu usoni, na neno hilo ndilo nataka ulikariri leo: DIVER'S.

Neno hilo halipaswi kuandikwa ovyo. Kuna kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 6425. Saa inayofuata kipimo hicho ni lazima iwe na uwezo wa angalau mita 100, isomeke gizani kutoka sentimita 25, istahimili maji ya chumvi na kugongwa, na ionyeshe wazi gizani kwamba bado inatembea. Tena kila saa hupimwa moja moja kwa shinikizo linalozidi kina kilichoandikwa kwa robo. Ya mita 200 hupimwa kama iko mita 250. Casio Duro, kwa uzuri wake wote, imeandikwa mita 200 tu bila neno hilo. Ni saa njema ya kuogelea, lakini Citizen na Seiko zimefanya mtihani mkubwa zaidi.

Na zile saa za kawaida zilizoandikwa "mita 30" je? Usidanganyike ukazama nazo mita 30! Maana yake ni kwamba haziogopi matone ya mvua na maji ya kunawa mikono. Basi.

Haya nayaeleza kwa sababu yamegusa nyumba yetu. Mjomba wangu ni mpiga mbizi hapa Pwani. Huwaongoza wageni kutazama matumbawe. Mwaka jana alinunua kwa mchuuzi mmoja wa barabarani saa yenye jina kubwa la Uswisi na maneno "mita 200", kwa bei ambayo haingenunua hata kamba ya saa yenyewe. Siku moja yeye na mwenzake walishuka mita 25 kukagua nanga. Jedwali huruhusu dakika 29 katika kina hicho. Mjomba akatazama saa: dakika 14. Akafanya kazi, akatazama tena: dakika 14. Maji yalikuwa yameingia na mishale imesimama. Alipoushika mkono wa mwenzake, saa ya mwenzake ilionyesha dakika 27. Zilibaki dakika mbili. Walipanda polepole, wakafika salama, alhamdulillahi.

Mjomba alirudi nyumbani akaapa: "Mpwangu, sasa nitachanga mpaka nipate Rolex ya kweli, hata iwe miaka kumi."

Nilimwambia, "Mjomba, shikamoo yako naitia, lakini mbona waruka kutoka shimoni hadi mnarani? Kati yake kuna ngazi."

Maoni yangu ni haya. Wapiga mbizi wa burudani hawaruhusiwi kupita mita 40. Saa ya mita 200 iliyopimwa inatosha mara tano, na ile ya mita 300 haikupi dakika hata moja zaidi ya uhai. Pesa ya ziada katika saa ya milioni yanunua ufundi, uzuri na jina. Si vibaya kuvinunua, lakini havimsaidii mtu huko chini. Jambo jingine ni kwamba siku hizi kuna kompyuta ndogo ya mpiga mbizi inayovaliwa mkononi. Hiyo hupima kina na muda na kukuambia ni dakika ngapi zimebaki. Za bei ya chini huanzia dola 200 hivi. Basi mtu wa kazi anunue kompyuta hiyo, na saa ya kadiri yenye neno DIVER'S iwe mkono wa pili, ili kimoja kikizimika kingine kiseme. Vyote viwili havifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya Rolex.

Mwenye kununua akumbuke pia mambo matatu. Kwanza, anunue duka linalotoa risiti na dhamana. Pili, ahakikishe kitufe cha pembeni kimekazwa kabla ya kugusa maji, na aisuuze saa kwa maji baridi akitoka baharini, kwa kuwa chumvi hula. Tatu, saa ikifunguliwa kubadilishwa betri, fundi atazame ule mpira mwembamba unaozuia maji, kisha aipime kwa shinikizo. Mpira huo huzeeka, na saa yenye mpira mbovu ni sawa na mtumbwi wenye tundu, hata ingekuwa na jina gani.

Kwa mwenye uwezo, ambaye watoto wamesoma na nyumba imeezekwa, ile ya milioni na aivae kwa raha zake, nasi tutamtazama bila wivu. Lakini mpiga mbizi anayejitafutia riziki ajiulize swali moja tu kabla ya kutoa pesa mfukoni: je, saa hii itaniambia ukweli nikiwa mita 25 chini ya maji? Mjomba alijiuliza, akanunua Citizen. Zilizobaki amelipia karo ya binamu yangu.