Faili lililofutwa likataja jina

Mapema mwaka 2005, muuaji aliyewapiga chenga polisi wa Wichita, Marekani, kwa miaka 30, aliwauliza polisi haohao: nikiwatumia ujumbe kwenye flopi, ile diski ndogo ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta, mtaweza kujua umetoka wapi? Akataka wamjibu kwa tangazo dogo gazetini. Polisi wakatoa tangazo kumhakikishia kuwa mambo yatakuwa shwari. Naye akaamini!

Mtu huyo, aliyejiita BTK, alikuwa ameua watu 10 kati ya 1974 na 1991. Tarehe 16 Februari flopi yake, ya rangi ya zambarau, ilifika kituo cha televisheni cha KSAS. Kwa macho ilikuwa na ujumbe mfupi tu. Lakini unapofuta faili, kompyuta haiyafuti maandishi. Inachofanya ni kuiweka ile nafasi wazi, na mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, maandishi ya zamani yamo mlemle. Mpelelezi Randy Stone aliuibua waraka wa programu ya Word uliokuwa umefutwa. Katika taarifa ambazo programu hiyo hujiandikia yenyewe bila kuombwa, akakuta jina la kanisa, Christ Lutheran Church, na jina la aliyeugusa waraka mara ya mwisho: Dennis. Wakatafuta kwenye intaneti. Kiongozi wa baraza la kanisa hilo alikuwa Dennis Rader.

Wengi husimulia kisa hiki na kuishia hapo, wakiipa kompyuta sifa zote. Si haki. Kompyuta ya kanisa hushikwa na wengi, na akina Dennis ni wengi. Kilichomfunga Rader ni manii yaliyochukuliwa eneo la mauaji mwaka 1974 na kutunzwa vizuri, kabla hata polisi hawajajua kupima vinasaba. Ili kuyalinganisha na vinasaba vya Rader bila kumshtua, wapelelezi walipata idhini ya mahakama kuchukua sampuli ya binti yake, iliyobaki kwenye kliniki alikopimwa saratani ya mlango wa kizazi. Binti mwenyewe hakuambiwa. Muuaji alistahili kunaswa, lakini siri ya mgonjwa asiye na kosa ilistahili kujadiliwa zaidi ya ilivyojadiliwa.

Rader alikamatwa tarehe 25 Februari. Akiwa mahabusu alilalamika kwamba polisi walimdanganya kuhusu flopi. Agosti mwaka huohuo alihukumiwa vifungo 10 vya maisha, ambavyo kwa jumla havipungui miaka 175.