Akwariamu ya Monterey na Mlo wa Asiyekula Nyama

Akwariamu ya Monterey Bay, katika jimbo la California nchini Marekani, ilifunguliwa tarehe 20 Oktoba 1984 mahali palipokuwa na kiwanda cha kusindika samaki. Mwenye kiwanda alikuwa Knut Hovden, mhamiaji kutoka Norway. Mwaka 1973 kilifungwa, kikiwa cha mwisho kuzima mitambo katika mtaa wa Cannery Row. Mtaa mzima uliishi kwa samaki mmoja, sardini, samaki mdogo wa jamii ya dagaa papa. Katika misimu iliyofana, mashua za Monterey zilileta zaidi ya tani 200,000. Sehemu ilitiwa makoponi, na sehemu kubwa ikasagwa kuwa mbolea na chakula cha mifugo.

Baada ya 1945 mavuno yaliporomoka. Sababu zilikuwa mbili, nazo zilikutana: bahari ilipitia kipindi cha baridi kisichowafaa sardini, na wavuvi hawakupunguza nyavu wakati samaki wanapungua. Mtaalamu wa viumbe wa baharini Ed Ricketts, aliyekuwa na maabara yake katika mtaa huohuo, alitahadharisha mapema juu ya uvuvi uliopita kiasi. Alifariki mwaka 1948 baada ya gari lake kugongwa na treni. Rafiki yake, mwandishi John Steinbeck, alikuwa ameshamfanya mhusika mkuu wa riwaya ya Cannery Row iliyotoka mwaka 1945. Jina la riwaya hiyo likaja kuwa jina rasmi la mtaa mwaka 1958. Mgeni anayeingia leo hukuta mitambo mikubwa ya kuchemshia maji ya kiwanda cha zamani imehifadhiwa ndani ya jengo. Inafaa kusimama hapo kabla ya kwenda kwenye matangi, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini jumba hili linashughulika sana na suala la kile ambacho binadamu anakula.

Fedha za ujenzi, dola milioni 55, zilitolewa na David Packard, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, pamoja na mkewe Lucile. Wazo lenyewe lilitoka kwa wanasayansi wa kituo jirani cha utafiti wa bahari cha Chuo Kikuu cha Stanford. Walitaka kuonyesha ghuba yao wenyewe badala ya kukusanya viumbe wa ajabu kutoka kila pembe ya dunia. Uamuzi huo ndio uliolipa jumba hili tabia yake. Ghuba ya Monterey ina bonde la chini ya bahari linaloanzia karibu kabisa na ufuko na kushuka zaidi ya mita 3,600, na maji baridi yenye virutubisho hupanda juu kutoka vilindini. Kwa hiyo uhai ni mwingi, na hewa ni ya baridi na ukungu hata katikati ya kiangazi. Mgeni aliyezoea joto la Tanga au Mombasa asisahau koti.

Maji ya matangi huvutwa moja kwa moja kutoka ghubani. Mchana huchujwa ili watazamaji waone vizuri. Usiku huachwa yaingie yalivyo, yakiwa na chembe za chakula na mabuu ya viumbe wadogo, ambao hujishikiza kwenye miamba ya tangi na kukua bila kupandwa na mtu. Faida ya utaratibu huo inaonekana wazi katika tangi la msitu wa mwani. Lina kimo cha mita 8.5, linabeba lita milioni 1.3 hivi, na juu liko wazi kupokea jua. Mwani wa hapa si ule mfupi unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, kwa kamba na vigingi. Ni mwani mrefu kama mti, unaosimama wima kwa vibofu vya hewa vilivyoota kwenye majani yake. Kabla ya 1984 hakuna akwariamu iliyokuwa imefaulu kuukuza, kwa sababu mwani huu hauwezi kuishi katika maji yaliyotulia: hufyonza chakula kupitia majani, na lazima maji yapite juu yake bila kukoma. Mtambo wa kusukuma mawimbi ndani ya tangi ndio uliotatua shida hiyo, na Packard mwenyewe, mhandisi kwa taaluma, alishiriki kuubuni.

Wanaovuta watu wengi kuliko wote ni fisi maji wa baharini. Mnyama huyu hana tabaka nene la mafuta mwilini kama nyangumi. Joto lake hulindwa na manyoya mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, pamoja na ulaji wa kiasi cha robo ya uzito wake kila siku. Manyoya hayohayo yalikuwa balaa lake, kwani wawindaji walimmaliza karibu kabisa katika pwani ya California, na ikadhaniwa ametoweka hadi kundi dogo lilipojulikana hadharani mwaka 1938 kwenye pwani ya Big Sur. Fisi maji hula wale viumbe wa duara wenye miiba wanaowachoma miguu waogeleaji wa Unguja. Viumbe hao wakiachwa waongezeke, huutafuna msitu wa mwani hadi ukabaki mwamba mtupu. Akwariamu huwapokea watoto wa fisi maji waliopotezana na mama zao na kuwakabidhi kwa majike wazima wanaowafundisha kuwinda na kuvunja makombe, kisha huwarudisha baharini. Wengi wa waliorudishwa wamesaidia kujaza upya hori la Elkhorn, kaskazini mwa mji. Hakuna kazi nyingine ya jumba hili yenye thamani kubwa kuliko hii.

Upande wa bahari kuu una tangi la lita zaidi ya milioni nne, wanamopita jodari, kasa na makundi ya sardini wanaogeuka kwa pamoja. Hapo ndipo papa mweupe mchanga alipokaa siku 198 kuanzia mwaka 2004, muda ambao hakuna akwariamu nyingine iliyowahi kuukaribia, kabla ya kuachiwa. Papa weupe hawaletwi tena tangu 2011. Vyumba vya yavuyavu viko karibu, na tangu 2022 kuna maonyesho ya viumbe wa vilindini, ambao matangi yao hupunguzwa oksijeni ili yafanane na kule walikotoka.

Baada ya saa tatu au nne za kutazama, njaa huja, na hapo asiyekula nyama wala samaki hukutana na mtaa uliojaa harufu ya ngisi wa kukaanga. Suala hili linawahusu wengi: Wasabato, Wahindu, Marastafari, watu walio katika mfungo, na Waislamu wanaoona ni salama zaidi kula mboga kuliko nyama wasiyoijua ilivyochinjwa. Akwariamu yenyewe iliingia katika suala la chakula mwaka 1999, ilipoanzisha mpango wa Seafood Watch unaopanga samaki wa sokoni kwa rangi: kijani wa kununuliwa, njano kwa tahadhari, nyekundu wa kuepukwa. Mkahawa wake una vyakula visivyo na nyama, ingawa orodha hubadilika kwa msimu. Hata hivyo, chakula bora cha mboga cha eneo hili hakitoki ufukweni. Kinatoka bara, mwendo wa nusu saa kwa gari, katika bonde la Salinas, mojawapo ya maeneo yanayotoa saladi nyingi zaidi Marekani, na katika mashamba ya Castroville na Watsonville.

Castroville ni mji wa artichoki. Karibu artichoki zote zinazolimwa kwa biashara nchini Marekani hutoka California, na nyingi kati ya hizo hutoka mashamba yanayouzunguka mji huu, kwa sababu ya ukungu uleule unaomtia mgeni baridi. Kinacholiwa ni tumba la ua kabla halijachanua. Huchemshwa kwa mvuke dakika 30 hadi 45, kisha magamba hung'olewa moja moja, yakachovywa katika mafuta ya zeituni na ndimu, na nyama yake laini ikakwanguliwa kwa meno. Katikati kuna nyuzi zisizolika ambazo huondolewa kwa kijiko, na chini yake ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mikahawa mingi huuza artichoki zilizokaangwa, lakini yafaa kuuliza maswali mawili: kama unga wake una yai au maziwa, na kama mafuta ni yaleyale yaliyokaangia samaki.

Mlo rahisi na wa kushibisha zaidi ni wa Kimeksiko. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya Salinas wana asili ya Meksiko, na vibanda vyao huuza chapati ya mahindi iitwayo tortilla pamoja na maharage, wali, parachichi na kachumbari ya pilipili. Mswahili hahitaji kufundishwa kula wali na maharage. Anachohitaji ni kujua kwamba maharage yaliyopondwa mara nyingi huungwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe, na kwamba wali huweza kupikwa kwa supu ya kuku. Kusema tu kwamba hutaki nyama hakutoshi, kwani muuzaji huweza kuelewa kuwa nyama ni ya ng'ombe pekee. Ni bora kutaja kila kimoja: kuku, samaki, manteca, supu ya kuku. Tortilla ya mahindi kwa kawaida ni mahindi, chokaa na maji tu. Ile ya ngano huweza kuwa na mafuta hayohayo.

Mitego mingine ni michache. Supu nzito inayouzwa kila mahali ufukweni ina kombe, na mara nyingi nyama ya nguruwe pia. Saladi ya Caesar huwa na samaki wadogo waliosagwa ndani ya mchuzi wake. Mikahawa ya Kithai hupika mboga kwa tui la nazi, jambo la kumfurahisha mtu wa pwani, lakini hutia mchuzi wa samaki isipoombwa iuache.

Anayetaka kuokoa fedha anunue mkate, parachichi, saladi na stroberi za Watsonville, akale kwenye ufuko wa San Carlos, karibu na mwanzo wa Cannery Row. Chakula kifunikwe, kwa maana shakwe wa hapo hunyakua mkononi, na kuwalisha si vema. Tiketi za akwariamu zinunuliwe mapema kwa njia ya intaneti, na mgeni afike asubuhi, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Siku inayofaa kuliko zote ni Jumanne, kwa sababu alasiri ya siku hiyo wakulima huuza mazao yao katika barabara ya Alvarado, katikati ya mji wa Monterey.