Dola Mbili kwa Nyumba: Hesabu ya Kuulinda Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Eneo lenyewe ni hekta 96 tu, lakini zimejaa nyumba zaidi ya 1,700, na tathmini za miaka ya tisini zilikuta karibu robo tatu yake zimechakaa. Wengi waliposikia mji umeorodheshwa walidhani fedha zinakuja nyuma. Hazikuja, wala hakuna aliyeziahidi.

Mfuko wa Urithi wa Dunia hupata dola milioni 3 hadi 4 kwa mwaka, na maeneo yaliyomo kwenye orodha yamepita 1,200. Zikigawanywa sawa kwa sawa, kila eneo lingeambulia dola 3,000 hivi. Zigawe hizo tena kwa nyumba za Mji Mkongwe: hazifiki dola 2 kwa nyumba, mwaka mzima. Mfuko haugawi hivyo, bila shaka; nchi huomba, na zenye dharura hutangulizwa. Lakini hesabu hiyo inaonyesha mzigo uko begani mwa nani: Serikali, Kamisheni ya Wakf, na familia zenye nyumba, ambazo mara nyingi ni warithi kumi wa jengo moja wasio na uwezo wa kulikarabati wala nia moja ya kuliuza.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilipata mfadhili. Oman ilitoa takriban dola milioni 6 kulikarabati. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakafa. Kona yake ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Silaumu fedha hizo. Jumba lile linastahili kila senti. Ninachosema ni kwamba zilifika baada ya uharibifu kukomaa, na ukarabati wa jengo lililokwisha kulegea ni ghali na ni wa hatari. Dola milioni 6 zikigawanywa kwa nyumba 1,700 ni kama dola 3,500 kwa kila moja. Haziwezi kujenga upya nyumba. Zinaweza kuzuia maji yasiingie, na maji ndiyo adui mwenyewe.

Mji wa Zanzibar hupata mvua ya karibu milimita 1,600 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, basi, hupokea lita 160,000. Mlizamu ukiwa mzima, maji hayo yanatupwa mbali na nyumba. Ukivunjika, yanateremka ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, hunywa maji na kuyatoa polepole, na hilo halimuumizi mtu. Kinachoumia ni boriti. Ncha zake zimo ndani ya ukuta huo, na zikikaa na unyevu masika baada ya masika huoza pale ambapo jicho halifiki. Mpangaji anaona doa tu kwenye lipu.

Boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu. Chumba cha urefu wa mita 6, boriti ikilazwa kila sentimita 30, kinataka boriti 20. Nyumba ya vyumba 12 inataka 240. Halafu juu ya boriti hizo, paa likivuja, wenye nyumba wengi humwaga tabaka jipya bila kubomoa la zamani. Tabaka la sentimita 5 juu ya paa letu la mita za mraba 100 ni mita za ujazo 5, yaani tani 8 hivi za ziada. Matabaka matatu katika miaka 30 ni tani 24, juu ya miti iliyooza nchani.

Saruji inaongeza balaa. Hushika kwa siku moja, wakati chokaa inataka wiki kadhaa za kulowekwa na fundi mwashi mwenye subira, kwa hiyo inaeleweka kwa nini mwenye nyumba aliyebanwa anaikimbilia. Lakini lipu ya saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na boriti zinazidi kuoza. Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe inawataka watu watumie vifaa vya asili, na ina haki. Ila kila sharti lina bei, na kwa sasa bei hiyo anailipa mwenye nyumba peke yake.

Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje anayeingia Zanzibar hulipa bima ya lazima ya dola 44. Mwaka huo Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na Mji Mkongwe umo katika picha wanazouziwa kabla hawajapanda ndege. Dola 1 ya kila mmoja wao, ikiwekwa katika mfuko wa milizamu, mapaa na chokaa, ingekuwa zaidi ya dola 400 kwa kila nyumba, kila mwaka, na ingeweza kulipwa kwa fundi kabla ya masika kuanza mwezi Machi.