Kompyuta mbili, jina moja: namna ya kuipa kompyuta ya Linux jina lake

Fungua orodha ya majina kwenye simu yako. Kama una "Mama Asha" wawili, huenda umeshawahi kumtumia mmoja ujumbe wa mwingine. Kompyuta nazo zina mambo hayo, na mimi yalinikuta.

Studio tulikuwa na kompyuta mbili za mtumba, zote za Linux. Fundi aliziwekea mfumo kwa flashi moja, na zote zikabaki na jina lile lile: ubuntu. Siku moja nilikaa mezani nikaingia kwenye zote mbili kupitia mtandao wa ndani, kila moja na dirisha lake. Nilitaka kufuta matangazo ya zamani kwenye ile ya chumba cha habari. Madirisha yote yaliandika "ubuntu". Nikafuta kwenye ile ya studio, na humo ndimo yalimokuwa mazungumzo ya saa nzima na mzee mmoja wa hapa Kwihara, juu ya babu yake aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nilirudi kwake na kinasa sauti. Alinikaribisha vizuri, akasimulia dakika kumi na mbili, kisha akasema, "Mengine nilishakwambia, mwanangu."

Kubadili jina kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Fungua dirisha la amri uandike:

sudo hostnamectl set-hostname studio

Weka jina lako badala ya "studio". Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari tu, bila kuacha nafasi, na lisizidi herufi 63. Kisha fungua faili la majina:

sudo nano /etc/hosts

Kwenye Ubuntu na Debian utakuta mstari unaoanza na 127.0.1.1. Futa jina la zamani, andika jipya, hifadhi. Wengi huruka hatua hii, halafu kompyuta inawalalamikia kila wakitumia sudo kwamba hailijui jina lake yenyewe. Funga dirisha, fungua jingine, utaona jina jipya.

Sasa kuna kikoa, na hapa ndipo watu huchanganya. Livingstone alipokaa hapa mwaka 1872, kumwelekeza mtu kwake kwa kusema "kwenye tembe" kusingetosha, kwa maana matembe yalikuwa mengi. Ilibidi useme tembe lipi, la Kwihara, katika Unyanyembe. Jina kamili la kompyuta hupangwa hivyo hivyo, dogo likitangulia kubwa: studio.mfano.co.tz. "Studio" ni kompyuta yenyewe, na "mfano.co.tz" ni kikoa. Kama unacho kikoa, mstari ule uandike hivi, jina refu likitangulia:

127.0.1.1 studio.mfano.co.tz studio

Amri ya hostname -f itakuonyesha jina kamili.

Ila kuandika kikoa ndani ya kompyuta yako hakukufanyi uwe mmiliki wake. Ni sawa na kujiandikia "Mwenyekiti wa Kijiji" mlangoni kwako. Vikoa vinavyoishia na .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na husajiliwa kwa ada kupitia mawakala wake: co.tz ni ya biashara, or.tz ya asasi, sc.tz ya shule, na go.tz ni ya serikali, hiyo usiiguse. Kama huna kikoa, acha. Jina fupi linatosha kabisa kwa ofisi ya chama cha msingi yenye kompyuta mbili tatu.

Na wewe mwenye simu tu, ingia kwenye mipangilio, tafuta "Kuhusu simu", kisha jina la kifaa. Simu nyingi za Android hukuruhusu kulibadili hapo, na ndilo wenzako huliona unapowatumia wimbo kwa Bluetooth.

Zetu sasa zinaitwa studio na habari. Nimeyaandika pia kwa kalamu nene kwenye plasta, nikabandika usoni mwa kila moja.